Kina cha Ufa: Kumbukumbu za Kupima Metali kwa Umeme, kutoka Luofu hadi Butembo

Tangu mitambo ya umeme wa maji ianze kufanya kazi katika Kivu ya Kaskazini, ule wa Mutwanga mwaka 2013, ule wa Matebe mwaka 2015 na baadaye ule wa Luviro katika Lubero, karakana kadhaa za Butembo na Beni zimeanza kuziacha injini za mazutu na kufunga mashine za kukereza zinazotumia umeme, na kwa sababu hiyo shafti na ekseli zilizokwisha kutumika, ambazo zamani ziliuzwa kama chakavu, sasa hujazwa kwa kuchomelewa, hukerezwa upya, hupakwa rangi na kurudishwa sokoni zikiwa na sura ya mali mpya. Swali linaloulizwa na wanunuzi, kwamba ndani ya rangi hiyo kuna nini, ndilo lililofufua kumbukumbu za mwandishi wa makala haya, aliyezaliwa Luofu na kutumia sehemu kubwa ya maisha yake akitafuta nyufa katika vyuma vya watu wengine. Kumbukumbu hizo zinasimuliwa hapa kwa kadiri zinavyosaidia kueleza jambo ambalo karakana nyingi bado hulichanganya: kuuona ufa na kuupima ufa ni kazi mbili tofauti, na ya pili ndiyo inayomwezesha mwenye mali kuamua.

Ufa unaozungumziwa hapa ni ule unaotokana na uchovu wa metali, yaani udhaifu unaojijenga kidogo kidogo pale chombo kinapobeba mzigo na kuutua mara nyingi sana, hata kama mzigo wenyewe ni mwepesi kuliko ule ambao ungeweza kukivunja kwa mara moja. Ulaya ililijua jambo hili kwa gharama kubwa tarehe 8 Mei 1842, pale ekseli ya garimoshi ilipokatika karibu na Versailles, Ufaransa, na watu zaidi ya 50 wakafa. Miongo michache baadaye Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli, akaonyesha kwa majaribio marefu ya ekseli kwamba kinachoamua si ukubwa wa mzigo pekee, bali pia idadi ya mara za kuubeba.

Luofu haikuwa na reli, ila ilikuwa na mashine ya kusagia mahindi na muhogo, ambayo shafti yake ilikatika siku ya soko, akina mama wakiwa wamepanga mabeseni yao hadi nje ya mlango. Mwandishi, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa kutumwa maji ya kupoza injini, aliruhusiwa kuvishika vile vipande viwili, na alichokiona juu ya uso wa mkatiko hakijamtoka hadi leo. Sehemu kubwa ya uso huo ilikuwa laini na nyeusi kwa kutu na mafuta ya zamani, yenye mistari myembamba ya upinde iliyofuatana kuanzia pembe ya mfereji wa kabari, yaani ule mchongo mdogo unaoshika puli isiteleze juu ya shafti. Kisha, upande wa pili, kulikuwa na kipande kidogo kisichofika robo, kinachong'aa na chenye chembe kavu. Fundi mzee aliyeitwa kutoka kijiji cha jirani, ambaye kila mtu alimwita Papa, aliweka kidole kwenye ile pembe akasema, "Huu haukuanza leo. Ulizaliwa hapa, ukala mpaka hapa, na hapa panapong'aa ndipo ulipomaliza asubuhi hii." Mwenye mashine alisikiliza kwa adabu, kisha akaendelea kuamini kwamba ameonewa wivu.

Maneno ya mzee yule yalikuwa sahihi kuliko yalivyosikika, kwa kuwa ile mistari ya upinde ni alama za vituo vya ufa, kila mmoja ukionyesha mahali ufa ulipopumzika kabla ya kusonga tena. Kati ya kuzaliwa kwake na siku ile ya soko palikuwa na miezi mingi, pengine miaka, ambamo shafti ilisaga unga kila siku huku robo tatu ya unene wake ikiondoka bila sauti. Muda wa kuuzuia ulikuwepo, ila hapakuwa na njia ya kuuona.

Njia za kuona zilikuwepo Butembo, ambako mwandishi alipelekwa ujanani kujifunza kazi katika garaji iliyohudumia malori ya Fuso yanayopanda kutoka Kasindi na mengine yanayoteremka mlima Kabasha kuelekea bonde la Rwindi yakiwa yamejaa viazi, maharagwe na watu juu yake. Ya kwanza ilikuwa sikio: chuma kilining'inizwa kwa kamba na kugongwa kwa nyundo ndogo, na kilicho kizima kililia kwa muda mrefu ilhali chenye ufa mkubwa kilitoa mlio mfupi uliokufa haraka. Ya pili, iliyokuwa bora zaidi, ilikuwa mafuta ya taa na chaki. Kipuri kilioshwa, kikalowekwa katika mafuta ya taa usiku kucha, kikafutwa mpaka kikakauka, kisha kikapakwa unga wa chaki. Baada ya muda mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalifyonzwa na chaki, na mstari mweusi ukajitokeza juu ya weupe. Mafundi wa garaji ile walidhani mbinu hiyo ni ya Butembo, kumbe karakana za reli za Ulaya na Marekani ziliitumia kukagua ekseli tangu karne ya 19, na dawa za rangi nyekundu zinazouzwa leo katika makopo kwa kazi hiyohiyo ni wajukuu zake.

Upungufu wa chaki ulijidhihirisha siku ulipoonekana mstari wa urefu wa ukucha kwenye shina la kitovu cha gurudumu la mbele, mahali panapobeba usukani na uzito kwa pamoja. Mwenye lori, ambaye shehena yake ilikuwa imekwisha kupakiwa, alisema ni mkwaruzo tu. Fundi mkuu alijibu, "Patroni, mstari ninauona, lakini kina chake sikijui." Jibu hilo, ambalo kisayansi halina kosa hata moja, lilimshinda fundi mwenyewe, kwa sababu mwenye lori aliuliza mara moja kwamba asiyejua kina anazuiaje mali za watu. Mstari ukachomelewa, ukasagwa kwa grenda, lori likaondoka. Lilifika salama, na kufika kwake salama kukawa ushahidi uliotumiwa garajini kwa muda mrefu dhidi ya kila fundi aliyetia shaka.

Mwandishi alikutana na jibu la swali lile miaka kadhaa baadaye jijini Dar es Salaam, ambako Tanzania ilikuwa imekwisha kujenga uzoefu wa kukagua metali bila kuiharibu kupitia taasisi kama TIRDO, iliyoundwa mwaka 1979, na ambako mafunzo ya fani hiyo yamepata msaada wa AFRA, mpango wa ushirikiano wa nchi za Afrika chini ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ulioanza mwaka 1990. Katika chumba cha mafunzo palikuwa na shafti moja juu ya meza, betri, na pini nne za shaba zenye chemchemi. Hakuna kilichofanana na mashine za ajabu ambazo wanafunzi walizitarajia.

Kanuni yake ni nyepesi kueleza. Umeme unapopitishwa ndani ya chuma husambaa katika unene wake, na ukikuta ufa, ambao ni nafasi isiyopitisha umeme, hulazimika kuuzunguka kama maji ya mfereji yanavyolizunguka jiwe. Njia ikirefuka, ukinzani huongezeka, na volteji kati ya pande mbili za ufa hupanda. Pini mbili za nje huingiza mkondo na kuutoa, mbili za ndani hupima volteji tu. Sababu ya kutotumia pini mbili pekee ni kwamba mahali pini inapogusa chuma pana ukinzani wake wenyewe, wenye kubadilika kwa kutu na kwa nguvu ya mkono, ambao ungeumeza ule unaotafutwa; pini za ndani, kwa kuwa hazipitishi mkondo wa maana, haziguswi na tatizo hilo.

Ugumu uko katika udogo wa kinachopimwa. Shafti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 50, ikipitishiwa ampea 10, hutoa kati ya pini zilizoachana milimita 10 volteji ya takriban mikrovolti 10, yaani sehemu kumi za milioni moja ya volti, ilhali multimeta ya kawaida inayouzwa madukani husoma mwisho wake milivolti 0.1, ambayo ni mikrovolti 100. Kipimo chote, achilia mbali badiliko linaloletwa na ufa, hakitoshi kusogeza tarakimu ya mwisho. Ndiyo maana lazima mkondo uongezwe au volteji ikuzwe kwa kikuza-ishara, na ndiyo maana wale wanaodai kupima nyufa kwa mita ya mfukoni wanawauzia watu namba tupu.

Mwalimu wa chumba kile alikuwa na mchezo mmoja aliowafanyia wanafunzi wapya. Aliwaacha wapime mpaka namba zitulie, kisha bila kusema neno akashika pini moja ya ndani kwa vidole viwili. Namba ikaanza kupanda, polepole, kana kwamba ufa unakua mbele ya macho yao, na alipoachia ikateremka kwa mwendo uleule. Shaba na chuma vikigusana mahali pawili penye joto tofauti huzaa volteji yao wenyewe, jambo lililogunduliwa na Thomas Seebeck mwaka 1821, na kwa metali hizo ni takriban mikrovolti 10 kwa kila tofauti ya nyuzi 1 ya joto. Kwa hiyo ujoto wa vidole uliweza kughushi ufa uliozidi shafti yenyewe. Dawa yake ni kupima mara mbili, mkondo ukielekea upande mmoja na kisha ukigeuzwa, kwa kuwa volteji ya ufa hugeuka pamoja na mkondo na ile ya joto haigeuki, na tofauti ya vipimo viwili, ikigawanywa kwa mbili, hubakisha ukweli peke yake. Mwandishi ameona baadaye shafti ikipimwa nje ya karakana, nusu yake juani na nusu kivulini, na watu wenye vyeti wakiandika matokeo bila kugeuza mkondo.

Njia ya pili ya kupima kwa umeme hutumia mkondo geu, yaani ule unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Mkondo wa namna hii haupendi kuingia ndani. Kadiri mageuzi yanavyokuwa ya haraka ndivyo unavyojikusanya kwenye ngozi ya metali, na katika chuma cha kawaida, mkondo ukigeuka mara 5,000 kwa sekunde, hubaki katika tabaka lenye unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, wakati katika aluminiamu, isiyovutwa na sumaku, tabaka hilo huzidi milimita 1. Faida zake ni mbili. Mkondo mdogo hutosha, maana umebanwa katika nafasi nyembamba. Tena hushuka ukuta mmoja wa ufa mpaka chini na kupanda ukuta wa pili, hivyo urefu wa njia ulioongezeka ni mara mbili ya kina. Hesabu yake inaweza kufanywa kwenye kipande cha karatasi ya sigara: ikiwa pini zimeachana milimita 10, na mahali pazima panasoma milivolti 1, na mahali penye ufa panasoma 1.6, basi zile 0.6 zilizozidi huzidishwa kwa nusu ya umbali wa pini, na kina cha ufa ni milimita 3. Fundi yule wa Butembo, kama angekuwa na namba hiyo, angebishana na mwenye lori juu ya kitu kinachopimika. Huenda angeshindwa vilevile, lakini si kwa sababu ileile.

Njia ya tatu mwandishi aliiona katika banda la ndege, nayo ndiyo inayojulikana zaidi duniani. Koili ndogo, iliyofichwa ndani ya kalamu, hupitishiwa mkondo geu na kusogezwa karibu na metali bila kulazimika kuigusa. Sumaku ya koili huzaa ndani ya metali mikondo inayozunguka, ile ambayo mafundi waliosoma kwa Kifaransa huiita mikondo ya Foucault, kwa jina la Léon Foucault aliyeieleza mwaka 1855, na ufa unapoikata mizunguko hiyo, koili huhisi mabadiliko na nukta kwenye skrini huruka. David Hughes alionyesha mwaka 1879 kwamba koili huweza kutofautisha metali moja na nyingine, na Mjerumani Friedrich Förster, akifanya kazi Reutlingen baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akaifanya kuwa chombo cha viwandani. Njia hii hupita juu ya rangi nyembamba, jambo ambalo pini haziwezi, na hufaa mno kwa aluminiamu. Juu ya chuma kilichochomelewa husumbua, kwa kuwa sumaku ya chuma hicho hutofautiana hatua kwa hatua na nukta huruka pasipo ufa.

Kilichomvutia mwandishi bandani hakikuwa ile nukta. Mkaguzi, mama mmoja wa makamo asiyeongea sana, kila alipoanza kazi alitoa kipande kidogo cha aluminiamu chenye mikato mitatu ya kutengenezwa, ya kina cha milimita 0.2, 0.5 na 1, akapitisha kalamu juu yake mpaka miruko mitatu ikalingana na ile ya jana, ndipo akagusa ndege; na alipomaliza alikirudia kile kipande, ili ajue kama kifaa kilikuwa bado kinasema kweli mpaka mwisho. Alipoulizwa kwa nini anarudia, alijibu, "Mwanangu, ndege haina jibu la kunisahihisha. Kipande hiki kinalo."

Uwanja wa ndege wa Entebbe, ambao wafanyabiashara wa Butembo wanaufahamu kwa safari zao za Dubai na Guangzhou, una nafasi yake katika historia ya uchovu wa metali. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kulipa nauli, Comet iliyoandikishwa kwa herufi G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg na kutua Entebbe njiani. Ndege hiyohiyo ilipasukia angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, ikiwa imefanya safari 1,290, na nyingine ya aina yake ikaanguka karibu na Naples tarehe 8 Aprili mwaka huohuo. Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, walichukua Comet ya tatu, wakautumbukiza mwili wake katika tangi la maji na kuujaza shinikizo na kulitoa, mara kwa mara, mpaka ukapasuka baada ya jumla ya safari 3,057, za kweli na za kuigiza, ufa ukianzia kwenye pembe ya dirisha. Baada ya muda swali la ukaguzi halikuwa tena kama ufa upo, bali baada ya safari ngapi utakuwa umefikia ukubwa usiostahimilika, na ukaguzi unaofuata uwekwe lini ili uutangulie.

Mwandishi aliporudi Butembo na kifaa cha mkondo geu, kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa shafti ya mashine ya kusaga, ambayo mwenyewe alikubali isivuliwe ila ipimwe mahali palepale, kwenye alama zilizogongwa kwa panchi ili pini zirudi daima kwenye nukta zilezile. Daftari la vipimo lilionyesha kina cha milimita 3, kisha 3.5, kisha, kwa kipindi kifupi kuliko kilichotangulia, 5. Mwenye mashine hakujua mkondo geu ni nini, wala hakuhitaji kujua; alizitazama zile namba tatu na tarehe zake, akaagiza shafti nyingine. Kwa maoni ya mwandishi daftari lile la shilingi chache lilifanya kazi kubwa kuliko kifaa, na karakana zinazolalamika kwamba hazina vifaa kwa kawaida hazina daftari pia.

Lakini palikuwa na kesi iliyokaribia kuivunja heshima ya kifaa. Nyumba ya ekseli ya lori tupu ilisoma ufa mdogo sana, wakati mstari wa chaki juu yake ulikuwa mrefu wa kutia hofu. Kwa ushauri wa kijana mwanagenzi, lori likapakiwa mifuko ya saruji na kupimwa tena, na kina kikaonekana kuwa kikubwa zaidi ya mara mbili. Ufa usiobebeshwa mzigo hufumba. Kuta zake zikigusana chuma kwa chuma, umeme huvuka juu badala ya kuteremka mpaka chini, na kifaa, bila kudanganya, husoma njia fupi iliyoipata. Tangu siku hiyo hakuna ekseli iliyopimwa na mwandishi ikiwa tupu, ingawa wenye malori wengi huona ni usumbufu kupakia gari lililoletwa kwa daktari.

Jambo hilo la umeme kuvuka juu ya ufa ndilo linaloyafanya mauzo ya sasa ya vipuri vilivyokarabatiwa kuwa magumu kuliko wauzaji wanavyokiri. Mtu akichomelea mdomo wa ufa na kuusaga, mkondo geu, ambao hukaa kwenye ngozi, hupita juu ya kichomeleo na kusoma namba inayokaribiana na ya chuma kizima, isipokuwa kuyumba kidogo pembezoni, na ufa wenyewe unabaki chini, umefungwa kama ulivyokuwa. Mkondo mnyoofu, yaani usiobadili mwelekeo, ambao husambaa katika unene wote, bado huhisi lile pengo, ingawa kwa ishara hafifu inayohitaji mkondo mkubwa, kugeuza pande, na subira. Kwa hiyo kipuri cha namna hii kinatakiwa kupimwa kwa njia zote mbili, na zikitofautiana, tofauti yenyewe ndiyo habari: ngozi nzima juu ya mwili uliopasuka.

Njia zote mbili za pini zinadai chuma kitupu, na hapo ndipo majadiliano ya sokoni hukwamia. Mnunuzi anayemleta mpimaji huomba rangi ikwanguliwe sehemu mbili, moja penye mashaka na moja pazima pa kulinganisha, kila moja isiyozidi upana wa kiganja. Wapo wauzaji wanaokubali, hata wanaotoa wenyewe kikwangulio, na wapo wanaosema kwamba kilichokwanguliwa kimekwisha kununuliwa. Bei za hao wa pili kwa kawaida huwa nafuu.